Herufi Zenye Mikia

Juzi mwalimu alimchapa binti yangu kwa kuandika herufi zenye mikia. Nilichemka, kisha nikamkumbuka baba alasiri moja kule Nakuru, nilipokuwa msichana mdogo, akichora jina la duka ukutani, harufu ya rangi na mafuta ya taa ikinijaa puani. Kila alipovuta mkia mwembamba alibana pumzi. Nikadhani ukipumua herufi zinaanguka, nami nikabana yangu hadi nikapata kizunguzungu.

"We mama, pumua," aliniambia akicheka. "Ni mkono tu unaotakiwa kutulia."

Kisha akanipa brashi, akanishika mkono, tukachora pamoja herufi ya mwisho, ikatoka imepinda.

"Na hiyo imelewa?" mwenye duka akauliza.

"Hapana, bwana," baba akasema. "Hiyo ni ya binti yangu. Haifutwi."