Mkwaruzo Chini ya Oili

Baba yangu alikuwa fundi wa kukereza vyuma hapa Kahama, na mashine aliyoiacha ndiyo ninayofanyia kazi hadi leo. Wateja wapya wakinikuta, mwanamke ndani ya ovaroli, huuliza fundi yuko wapi. Zamani niliwajibu kwa ukali. Siku hizi nawaambia amekwenda kunywa chai, nawaacha wasubiri.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri baba alizima mashine, hata kama mteja analia. Tulifagia nyuzi za chuma kwa brashi, tukafuta kila sehemu kwa tambara lenye mafuta ya taa, tukatia grisi kwenye gia na oili kwenye vitundu vyake. Mwisho zilibaki zile reli mbili ndefu ambazo kibebeo cha kisu hutelezea. Baba alipitisha juu yake ukucha wa dole gumba, aliouacha urefuke kwa kazi hiyo tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo akazipaka oili kwa kiganja. Ukucha ukikwama, nimekwisha. "Mayu," angeniita, kama wazee wa Kisukuma wanavyowaita binti zao, "unanawa uso miguu ina matope!" Halafu angenigombeza mpaka mtaa wa pili wasikie.

Jambo moja alilikataza kuliko yote: kupuliza mashine kwa kompresa. Upepo hausafishi, alisema, unasukuma uchafu ndani.

Baba alipougua mapafu akalazwa Mwanza, wachimbaji walikuwa wamekimbilia machimbo mapya upande wa Kagongwa. Shafti za karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, zikawa zinakatika kila siku, na zote zinaletwa kwangu. Nilivimba kichwa. Mwanamke, peke yangu, foleni hadi barabarani! Jumamosi ya kwanza niliruka usafi. Ya pili nikapuliza kwa kompresa dakika tano, nikaendelea na kazi. Shafti zile zilikuja na vumbi la mawe, na vumbi likaingia chini ya kibebeo. Niliposikia sauti ya kukwaruza nilikuwa nimeshachelewa. Mahali kisu kinapofanya kazi zaidi, reli ilikuwa na mkwaruzo wa shubiri nzima.

Siku chache baadaye mama akapiga simu. Wameruhusiwa, wako stendi, na baba amekataa kwenda nyumbani kabla ya kuiona mashine yake. Nikawafukuza wateja. Nikasugua kama mwendawazimu, kisha nikamimina oili nzito juu ya reli mpaka ikang'aa na mkwaruzo usionekane.

Aliingia ameshikwa mkono na mama, shati likimpwaya. Nikamwamkia, akaitikia kwa shida. Nilimtazama mkono kwanza. Hospitalini walikuwa wamemkata kucha zote. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Akaweka ncha ya kidole ndani ya oili, akaiburuta taratibu. Ilipofika pale, ikasimama. Ikarudi nyuma kidogo, ikasimama tena. Nikasubiri kelele. Baba akajifuta kwa tambara nililompa, akasema, "Asante, mayu. Umeitunza." Kisha akaomba bajaji.

Nilijiambia vidole vyake vimekufa ganzi kwa ugonjwa, nikaushikilia uongo huo kwa mikono miwili. Hakuishi hata mwezi. Kila jioni nilikaa kando ya kitanda chake nikitaka kumwambia, na kila jioni nikaishia kumuuliza kama atakunywa uji.

Baada ya matanga mama alinikuta karakanani, Jumamosi, kidole changu kikiwa palepale kwenye reli. Akaniambia alichosema baba siku ile ndani ya bajaji.

"Reli imeliwa, mama. Usimwambie mtoto kwamba nimejua. Atavunjika moyo, na kazi ni yake sasa."

Nililia siku hiyo kuliko siku tuliyomzika. Angenigombeza tu, ningejua bado ananihesabu fundi wake.

Ukucha wa dole gumba langu siukati tena. Kila Jumamosi saa tisa naupitisha, unakwama palepale. Nasimama kidogo nikingoja kuitwa mayu, kisha napaka oili.