Tembe za Pinki

Dada yangu Karambu huchora kwa dawa. Ndiyo, dawa za kumeza! Watu wakishazika mgonjwa, tembe zilizobaki hakuna anayetaka kulala nazo nyumba moja. Basi wanampelekea chumbani kwake Makutano, hapo Meru mjini, naye anazibandika ubaoni kwa gundi, safu kwa safu, kufuata rangi. Anasema siku hizi tunanunua rangi, si tiba. Kwa duka la dawa mtu hataji jina, anasema tu, "Nipe ile ya rangi mbili." Mimi nilikuwa namcheka. Nani ataweka dawa za marehemu sebuleni? Lakini matajiri walizinunua.

Mwaka jana ubao mmoja ulipungukiwa na pinki. Karambu akaja nyumbani Ruiri, akachukua tembe thelathini za presha za mama yetu, Phyllis. Mama yu hai, ninaishi naye! Nilikasirika, nikampigia kelele.

"Gladys, wacha kelele," akaniambia. "Nitamnunulia zingine."

Alinunua kweli. Kumbe kiwanda kilikuwa kimebadilisha rangi, mpya zikawa nyeupe. Mama alizitema. "Hizi si zangu. Zangu ziko kwa Karambu."

Nilibembeleza, nikafoka, nikasaga moja nikatia kwenye uji. Wapi! Cha ajabu, presha haikupanda. Na kila asubuhi mama aliamka mchangamfu, ulimi wake pinki.

Nilipomweleza Karambu kwa simu, akasema, "Kila asubuhi napata pengo moja ubaoni. Gundi ipo, tembe haipo."

"Ni panya."

"Panya gani anameza moja kwa siku?"

Siku ya ishirini na nane nilienda kujionea. Za mama zilikuwa zimebaki mbili. Tulikuwa tumezunguka maduka yote kutafuta za pinki, tukakosa. Karambu alikuwa amenunua nyeupe nyingine, ameketi akizipaka rangi ya pinki kwa brashi, machozi yakimtoka. Akazibandika kumi. Niliogopa, lakini sikumkataza.

Mbili za kweli ziliisha. Asubuhi iliyofuata Karambu alipiga simu, sauti imekauka. Moja kati ya alizopaka ilikuwa sakafuni, nyeupe pe. Rangi yote ilikuwa imerambwa.

Nikageuka. Mama alikuwa mezani na chai yake, ananitazama.

"Mwambie dada yako asinidanganye," akasema. "Rangi ni mimi nilimfundisha, tukichagua maharagwe."

"Mama, tafadhali, meza hizi nyeupe. Ni dawa ileile!"

Akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi. "Zangu zimekwisha, Gladys."

Tulimzika Jumamosi. Jioni, watu walipoondoka, nilikuta tembe nyeupe kabatini, karibu pakiti nzima. Nilishindwa kulala nazo nyumba moja. Jumapili nikazipeleka Makutano.