Springi Mpya kwa Ajili ya Mgongo Wake

Mgongo wa mume wangu ulipoanza kumsumbua, tulililaumu gari. Lilikuwa gari la zamani, refu, la kupanda milima, na kwa miaka mingi lilitubebea ndizi na viazi kutoka Suma hadi sokoni Tukuyu. Springi zake za nyuma zilishalala. Ukiingia kwenye shimo, pigo lote unalipokea kiunoni.

"Hili gari litaniua," alikuwa akisema, anacheka huku amejishika mgongo.

Hospitali wakatuambia ni uvimbe kwenye uti wa mgongo, na kwamba itabidi arudi mara kwa mara kuchomwa sindano. Siku hiyo gari tulilisahau. Lakini safari iliyofuata ilitukumbusha. Mvua ilikuwa imechimba mifereji barabarani, nami ndiye niliyekuwa nikiendesha. Yeye alilala kiti cha nyuma, ameuma kona ya shuka. Kila gurudumu lilipozama nilimsikia. Nilifika mjini, nikajisemea: uvimbe siuwezi, lakini springi naziweza.

Nililipeleka kwa fundi mmoja pale Bagamoyo, mtaa wa Tukuyu mjini. Aliingia chini ya gari, kisha akatoka anajifuta oili usoni.

"Mama, hapa huna springi. Una vyuma tu."

Akanionyesha. Vile vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambavyo hupaswa kupinda kama upinde, vilikuwa vimenyooka, na kimoja kilikuwa kimekatika katikati. Shokapu zilikuwa zimevuja zikakauka. Aliifungua moja, akaibonyeza kwa kiganja, ikazama na haikurudi.

Nilinunua springi na shokapu mpya. Bolti za zamani zilishikwa na kutu hata nyundo ikashindwa, ikabidi zikatwe. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, cheche zinaruka, nikampigia mume wangu simu kumweleza hatua tuliyofikia. Sauti yake ilikuwa na uhai ambao sikuwa nimeusikia kwa wiki nyingi.

"Mwambie bushi, zile raba za springi, asizikaze gari likiwa juu ya jeki. Alishushe kwanza likae kwa uzito wake, ndipo akaze. La sivyo zitachanika."

Fundi alisikia, akacheka. "Mwambie mzee asiwe na wasiwasi. Ila hizi ni ngumu bado. Akisafiri, weka mzigo kidogo nyuma, zitulie."

Niliporudi nyumbani aliomba ainuliwe hadi dirishani. Nilimshika kwapani, tukalitazama gari pamoja, limeinuka nyuma kama zamani.

"Limesimama," alisema. Kisha kwa Kinyakyusa, taratibu, "Ndaga." Asante. Usiku ule nilisali nikiwa na hakika kwamba nimefanya jambo.

Siku ya sindano nilipakia magunia mawili ya viazi, nikatandika godoro kwenye kiti na kumzungushia mito. Gari lilishuka kwenye makorongo kama linayapapasa. Sikuamini. Pale ambapo zamani tungerushwa, tuliyumba tu kidogo. Lakini nyuma yangu aliguna. Nikapunguza mwendo. Akaguna tena. Tulipofika kwenye lami, nikashusha pumzi: sasa atapumzika. Hapo ndipo alipopiga ukelele ambao sijausahau. Barabara ilikuwa laini, haina hata kokoto.

Nikasimama pembeni, kando ya mashamba ya chai. Wachumaji waligeuka kutazama.

"Nini, baba? Nimegonga nini?"

"Hujagonga kitu." Jasho lilimtiririka. "Gari ni zima, mke wangu. Si barabara. Haikuwa barabara."

Nilikaa na usukani mkononi, sina la kurekebisha. Mpaka dakika ile nilikuwa na kitu cha kulaumu, na kitu cha kulaumu ni msaada mkubwa. Sasa kulikuwa na mwili wake tu, na ulikuwa ukimuumiza hata umetulia.

Alichomwa sindano, tukarudi. Safari iliyofuata alikataa. Nilimsihi, mchungaji alikuja akamsihi, dada zake wakalia mbele yake.

"Mnanipeleka wapi?" aliuliza, akageukia ukutani.

Alikaa hivyo hadi alipofariki, kabla mvua hazijakatika, asubuhi, nikiwa jikoni nampikia uji.

Gari bado ninaliendesha, maana ndizi haziwezi kujipeleka sokoni. Abiria ninaowapa lifti hulisifu. Mama mmoja aliniambia majuzi, "Gari lako linabembea, utadhani umebebwa mgongoni." Nilimshukuru. Nilipomshusha nilishindwa kuondoka, nikakaa palepale, injini inaunguruma, hadi dereva aliyekuwa nyuma yangu alipoanza kupiga honi.