Mtani Aliyekataa Kanga

Pikipiki ya Remmy ilikuwa imebeba watu watatu, na aliyekaa nyuma kabisa alikuwa mgeni asiyemjua hata mtu mmoja katika mtaa waliokuwa wakiuingia. Siku chache nyuma mgeni huyo alikuwa ameshuka Songea kwenye basi la kutoka Njombe, soli ya kiatu kimoja imeachia, akaelekezwa Mfaranyaki, kwenye kibanda cha Notburga Komba anayeuza na kushona raba za mtumba. Gundi ilipokuwa ikikauka, wakazungumza. Kesho yake akarudi wakazungumza tena. Na asubuhi hii Notburga alimwambia tu apande, waende Ruhuwiko kwenye arobaini ya mama mmoja. Mgeni akauliza kama ni adabu kwenda msibani kwa watu bila kualikwa. Notburga akasema arobaini haina kadi, na isitoshe yeye mwenyewe haendi kumfariji mtu.

"Dada, sema basi unakwenda kufanya nini," Remmy alisema bila kugeuka, akikwepa shimo.

"Nakwenda kutania."

"Utani gani huo wa kubeba mfuko?"

Notburga akamwambia mdogo wake aangalie barabara. Aliukumbatia vizuri mfuko wa salfeti uliokuwa mapajani, akatazama mbele. Baridi ya Juni ilikuwa inauma masikio, na barabara ya vumbi ilikuwa nyekundu mpaka kwenye kuta za nyumba.

Kabla ya kuwa mshona raba alikuwa mkimbiaji. Si wa mashindano ya shule na Mwenge, bali mkimbiaji aliyepanda ndege, aliyekuwa akianza mazoezi gizani kuelekea milima ya Matogoro na kurudi jua likichomoza. Aliyempandisha ndege alikuwa Twaha, kijana wa Kiyao aliyezaliwa hapahapa Ruhuwiko kwa wazazi waliohamia kutoka Tunduru. Katika kila mji unaotoa wakimbiaji, tangu Iten ya Kenya mpaka Sululta ya Ethiopia, yupo mtu kama Twaha. Ana simu mbili, anawajua mameneja wa kampuni za viatu kwa majina ya kwanza, na anapotamka "mwanariadha wangu" mwenye masikio anajua kwamba neno zito hapo ni "wangu". Kampuni haimjui mkimbiaji, inamjua wakala. Mkataba hupita kwake, viatu hupita kwake, hata kipimo cha mguu hupita kwake.

Na hapo ndipo ilipoharibika. Notburga ana mguu mrefu, jambo ambalo nyumbani kwao walimcheka tangu utotoni. Viatu vipya vya mashindano, vile vyenye soli nene ambavyo kampuni ilitaka vionekane kwenye televisheni, vilikuja vimepungua namba mbili. Twaha alikuwa ameandika namba kwa kukisia, maana kumpigia simu aliona ni kupoteza muda. Walikuwa tayari hotelini, katika mji wa mvua huko Ulaya, na mbio zilikuwa kesho yake. Notburga alimwambia havimtoshi. Twaha akamwambia viatu vya mashindano hubana, na kwamba akipigwa picha amevaa vya zamani, mkataba umekufa.

Akakimbia navyo. Kucha zilianza kung'oka kabla ya nusu ya safari. Akabadili mwendo ili kuvinusuru vidole, mzigo wote ukahamia kisiginoni, na mbele kidogo mshipa wa kisigino ukakatika. Aliusikia ukikatika kabla hajausikia ukiuma.

Mguu angeweza kusamehe. Watu huumia. Alichoshindwa kusamehe ni kilichofuata. Kampuni ilipouliza, Twaha alijibu kwamba mwanariadha wake alikuwa mlevi, amekuja kwenye mbio hajapumzika. Aliporudi Songea kidogo, kabla hajahamia zake Arusha, akasema hivyohivyo mitaani, tena akaongeza chumvi: ulanzi, pombe ya mianzi, ndio uliomwangusha. Notburga hanywi. Baba yake alikufa kwa pombe, na tangu alipomzika hajaionja. Lakini neno likazunguka kutoka sokoni mpaka kanisani. Akina mama wa jumuiya wakaanza kumsogelea karibu mno wakimsalimu, kusudi wapate kumnusa. Akaenda hivyo miaka, akishona raba za watu na kunuswa.

Twaha hakukanyaga tena Songea. Mama yake, Bi Ashura, alipofariki, alikuwa safarini na wakimbiaji wengine, akazikiwa mama. Arobaini hakuweza kuikwepa.

Notburga alikuwa ameipiga hesabu vizuri. Wangoni na Wayao ni watani. Mababu walipigana mpaka wakachoka, na katika kuchoka kule wakapeana ruhusa ya kutukanana milele bila mtu kukasirika. Mtani akija msibani anaweza kukalia sufuria ya pilau, akavaa nguo za marehemu, akamwigiza kutembea na kukohoa, akawasema wafiwa anavyotaka. Mfiwa akinuna, amekosa yeye. Analoweza ni kujikomboa: anatoa kitu, mtani anapokea, mambo yameisha. Hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo Twaha angelazimika kukaa akimsikiliza Notburga mpaka mwisho.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichomzuia kulala. Bi Ashura alikuwa mtani wake kwelikweli. Alikuwa akipita kibandani na kumwuliza, "Mngoni mwizi, viatu hivi umemvua nani?" kisha anakaa, anaomba mguu, anaukanda kwa mafuta ya nazi huku akimtukana. Notburga hakuwahi kumwambia mama yule alichotendwa na mwanawe.

Walipofika dua ilikuwa imemalizika na masinia yanatolewa. Mzee Salum, mjomba wa Twaha na mkubwa wa shughuli, alipokea shikamoo ya Notburga kwa kicheko, akawaambia wanawake wafiche nyama maana Wangoni wameingia. Mgeni akapewa nafasi mkekani na sahani. Twaha alikuwa amekaa barazani, kanzu nyeupe, amenenepa shingo. Alipomwona Notburga alisimama nusu, kisha akakaa tena na kutabasamu. Alijua anachokuja kufanya mtani. Alidhani anajua.

Notburga aliuchukua mkongojo wa marehemu uliokuwa umeegemezwa ukutani, akajifunga ushungi, na palepale Bi Ashura akawa amerudi: goti la kulia halikunji, mkono mmoja kiunoni, anaonja pilau na kulalamika kwamba walioipika walikuwa wakiwaza wachumba, chumvi imezidi. Wanawake walicheka mpaka mmoja akafuta machozi, na si ya kicheko peke yake. Akapita akiwasema wajukuu, akawasema majirani, akaja kusimama mbele ya baraza.

"Huyu mwanangu," alisema kwa sauti ya Bi Ashura, "kila siku ananipigia simu anakimbiza watu Ulaya. Mimi sijamwona akikimbia yeye, hata kumkimbilia mama yake kaburini hakuweza. Leo siondoki nyumba hii mpaka nimwone."

Akafungua mfuko wa salfeti, akatoa viatu. Vilikuwa vilevile, rangi ya chungwa, soli nene, na ndani, penye vidole, bado vina weusi wa damu iliyokauka.

Twaha alivitazama, akakohoa. "Mtani, hivi vya mtoto. Havinitoshi."

"Viatu vya mashindano hubana."

Hapo uani ni wawili tu walioelewa. Wengine walikuwa wanapiga vigelegele. Vijana wakamshika miguu kwa furaha, wanawake wakaleta mpini wa mwiko wa kusongea ugali, wakasukuma kisigino cha kwanza, kisha cha pili. Mtu akamshika mkono akamsimamisha. Akakimbia. Akaizunguka nyumba akichechemea, kanzu ameikusanya mkononi, watoto nyuma yake, kuku wakitawanyika. Aliporudi, Notburga akamwambia marehemu hakuona vizuri, azunguke tena. Akazunguka tena. Safari hii uso ulikuwa umekunjamana na midomo imeingia ndani.

Notburga aliitazama ile miguu. Miaka yote alikuwa akiitengeneza picha hii kichwani akiwa anavuta uzi kwenye soli za watu, na sasa ilikuwa inapita mbele yake, nayo ilikuwa tamu. Lakini alisikia vicheko, akashtuka. Vilikuwa vicheko vya kweli, vya watu wanaofurahi. Na Twaha naye alikuwa anacheka. Amekaa chini, jasho linamtoka, anacheka kama mtu aliyetua mzigo, kwa sababu aliuona utani ulivyokuwa ukimsafisha. Kesho wangesema mtani wake alimkomesha, na habari ingekwisha kwa jina zuri.

"Haya, jamani," Twaha alisema akiinua mikono. "Mngoni wangu amenikomesha. Ya nyuma yote yamekwisha leo. Mjomba, mpe haki yake."

Mzee Salum akaingia ndani, akatoka na kanga moja iliyofuliwa na kukunjwa, ya zambarau, ile ambayo Bi Ashura alikuwa akiivaa sikukuu. Akaishika kwa mikono miwili.

"Pokea, mwanangu. Aliisema mwenyewe kabla hajafa. Alisema hii ya Mngoni wangu, asipewe mtu mwingine."

Notburga aliiangalia ile kanga. Mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka nusu. Akaushusha.

"Sipokei, mzee."

Watu wakacheka tena, wakidhani anapandisha bei. Mtu akapaza sauti aongezewe jogoo. Jogoo akaletwa, kafungwa miguu.

"Sipokei."

"Notburga." Salum aliongea taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Hakuna mtani anayekataa."

"Najua. Basi huyu leo si mtani wangu. Ni mtu aliyenivalisha viatu hivyo nikiwa namwambia havinitoshi, mshipa ukakatika, kisha akawatangazia watu kwamba nililewa ulanzi."

Hakuyasema haya kwa sauti ya Bi Ashura, aliyasema kwa sauti yake, na watu ambao dakika moja nyuma walikuwa wanapiga vigelegele wakaanza kutazama masinia.

"Dada Notburga," Twaha alisema. "Siku ya mama? Kweli?"

"Siku nyingine ningekupata wapi?"

Salum hakumtazama tena Notburga. Alimgeukia mpwa wake, akamuuliza kama yaliyosemwa ni kweli, na akamwonya kwamba sasa hawatanii. Twaha alianza kwa kuzunguka. Alisema biashara ile ni ngumu, kampuni hazina huruma, wakala akionekana mzembe anaondolewa yeye na wakimbiaji wake wote, na kulikuwa na watu wengi waliokuwa wanamtegemea. Alizungumza vizuri, kama alivyozoea. Mjomba akamwacha amalize, kisha akamuuliza tena kuhusu ulanzi.

"Hakunywa," Twaha alisema.

"Sema walioko jikoni wasikie," alisema Notburga.

"Hakunywa. Namba ya kiatu niliikosea mimi. La ulanzi nililitunga."

Aliinama kufungua kamba, lakini vidole vya miguu vilikuwa vimevimba, kiatu kikagoma. Hakuna aliyemsaidia. Wale vijana waliomvalisha walikuwa wamesogea pembeni. Notburga alisimama akimtazama anavyovuta, na hakuwa na haraka. Alitazama mpaka kiatu kimoja kilipotoka na soksi ikaonekana ina doa kidoleni. Hakuona huruma. Aliitafuta ndani yake, kwa kuwa alikuwa amelelewa kuwa nayo, akaikosa, wala hakusikitika.

Mzee Salum alikuwa anaikunja kanga upya, ingawa ilikuwa imekunjwa tayari.

"Umepata ulichokifuata," alimwambia. "Sikulaumu kwa huyu. Lakini utani umeukatia mlangoni kwetu, na mimi siwezi kuuunga. Siku yako ikifika, watu wa nyumba hii hawatakuja kuchimba kaburi lako wala kupika."

"Najua, mzee. Nilijua kabla sijatoka nyumbani."

Akaurudisha mkongojo ukutani, akauegemeza palepale. Akavua ushungi. Remmy, ambaye hakuwa ameshuka kwenye pikipiki muda wote huo, aliwasha. Mgeni alianza kuinuka na sahani yake, hajui aiweke wapi, lakini Salum akambonyeza bega akamwambia akae, yeye hajakosana na mtu hapa. Notburga naye akamwambia ale, kwamba mama yule alikuwa hapendi kabisa sahani inayoachwa na chakula. Kisha akavuka ua na mguu wake unaobaki nyuma kidogo, wanawake wakampisha, akapanda, akamshika mdogo wake kiunoni.

Viatu hakuvichukua. Pikipiki ilizunguka kona ya mwisho wa mtaa, mlio wake ukasikika bado kwenye mteremko, kisha haukusikika. Mgeni akaendelea kula kwa kuwa hakuna aliyemwambia la kufanya. Mzee Salum alisimama katikati ya ua, kanga mikononi, akiwauliza wanawake mmoja mmoja ni nani sasa wa kumpa, na hakuna aliyetaka kuipokea.