Gemu la Kwenye Magunia ya Pamba

Mdogo wangu, sina mvi za kutosha kukupa nasaha, na cheti changu cha chuo bado hakijanipatia kazi. Ila nakumbuka siku moja hapa Bariadi nilipokosa usingizi kwa swali la kitoto: gemu letu la zamani lilikuwa zuri kweli, au ni mimi tu? Nililigeuza hadi majogoo, maana mchana wake nilikuwa nimemuumiza mtu.

Kabula, binti wa mjomba, alimaliza kidato cha nne akajifundisha mwenyewe kutengeneza gemu la simu. Mkokoteni wa ng'ombe unapeleka pamba kuuzwa, unakwepa mashimo na mbuzi wa watu. Alinipa mimi wa kwanza kwa kuwa nimesomea kompyuta. Nikacheza dakika mbili.

"Halina utamu," nikamwambia. "Sisi tulikuwa na gemu la mpira. Lile ndilo gemu."

Akaichukua simu yake taratibu. "Basi nitalifuta, kaka. Wewe ndiye unayejua."

Asubuhi nikaenda kwa mjomba, ambaye zamani aliweka banda la gemu ndani ya ghala lake la pamba. Mashine bado anayo, kaifunika kitenge. Tukaiwasha. Mdogo wangu, mpira ulipita tumboni mwa golikipa kama moshi. Wachezaji walikimbia kama wenye mawe viatuni. Robo saa haijaisha nikapiga miayo, mimi niliyekuwa natoroka machungani kulifuata gemu hilohilo.

Bibi, mama yake mjomba, mzaliwa wa Mwanhuzi aliyekulia kwenye ng'ombe, alikuwa mlangoni akichambua mlenda. Akacheka.

"Mjukuu wangu, ng'ombe aliyekufa hukamwa debe zima. Aliye zizini unamwona hatoi kitu, kwa sababu huyo unamkama kweli."

"Halafu mlikuwa mnakalia magunia ya pamba," mjomba akadakia. "Pale hata kitabu cha hesabu kingekuwa kitamu."

Nilikumbuka joto la pamba ile mgongoni, na bega la binamu yangu Maduhu. Aliyefungwa alikuwa anaachia pedi ya kuchezea na kwenda kuwachotea wote maji. Pedi moja ilikosa kitufe, tukawa tunabonyeza kwa njiti ya kiberiti. Alama zote nilizolipatia gemu zilikuwa za Maduhu, ambaye sasa yuko Mkula na tunasalimiana sikukuu kwa sikukuu.

Ya kale ni dhahabu, nami yangu siitupi. Lakini dhahabu si jiwe la mizani, mdogo wangu. Usipimie kazi ya mwenzako kwa kitu unachokililia. Jiulize kwanza: nakumbuka gemu, au nakumbuka niliokaa nao?

Nikawaza nizungumze na Kabula kesho. Nikaona kesho ndiyo hufuta vitu. Nikamfuata palepale.

"Umelifuta?"

"Bado. Nilikuwa namalizia kununa kwanza."

Nikaomba kigoda kigumu, makusudi, nikacheza mpaka mkokoteni ukafika. Nikamwambia ukweli: unachelewa kukata kona, lakini zile kengele za ng'ombe zimenifurahisha.

"Za ng'ombe wa bibi. Nilizirekodi mwenyewe."

Nikacheza tena, mkokoteni ukapinduka; nikampa simu, nikaenda kumchotea maji kama aliyefungwa.

Mungu akujalie utoto mtamu wa kuukumbuka, na mtu wa kukalia naye gunia leo.