Viza ya Mume wa Huwaida

Huwaida binti Kamaludin hakuwa mtu wa maneno mengi, na wasiomjua walidhani kimya chake ni kukubali. Wauguzi wenzake walikwisha kupata funzo. Akikataa jambo hakupandisha sauti. Alilirudia neno lake lile lile, taratibu, mpaka mwenziwe achoke.

Kwa miaka alikuwa amefanya kazi kwenye wodi ya watoto wachanga kwa mikataba mifupi mifupi. Mkataba ukikaribia kwisha huambiwa asubiri, na katika kusubiri kwake huwaona wengine wakiwasili kutoka mbali wakiwa na barua zao za ajira ya kudumu mkononi. Mwishowe akaanza kujifunza Kijerumani. Alijifunza kwa simu, chumbani, amejifunika shuka gubigubi, kwa sababu lugha ile hukwaruza koo, na Langoni, mtaa wao wa Lamu, nyumba zimebanana kiasi kwamba ukikohoa, jirani hukuombea afya. Alipofaulu mtihani, na vyeti vyake vya uuguzi vikaanza kushughulikiwa huko, hospitali moja ya Ujerumani ikampa mkataba.

Mumewe, Hamid, alikuwa fundi wa kuchonga milango, mtu mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya Idi. Waliketi wawili wakaitazama njia. Huwaida angeomba viza ya kazi kwa taaluma yake. Hamid angeomba viza ya kumfuata mwenzi wake. Kibali cha mume kingesimama juu ya kibali cha mke.

"Nikifika huko naruhusiwa kufanya kazi?" aliuliza Hamid.

"Unaruhusiwa. Nimesoma mara nne."

"Basi tuombe."

Habari hizo hazikulala Langoni. Ziliamkia mtaa wa pili, Mkomani, kwa Bwana Abdulwahid, ami yake Hamid, aliyekaa Maskati tangu ujanani na kurudi uzeeni na fimbo ya mkono wa fedha. Alasiri moja akaja, akaketi kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni ambapo wanaume hupokea wageni wao. Huwaida alibaki nyuma ya mlango, kama desturi, akisubiri kahawa itulie.

"Nimesikia maneno, Hamid," alisema Bwana Abdulwahid. "Nimesikia wenda Ulaya mgongoni mwa mke, kama mtoto aliyefungwa kwa leso."

Hamid alicheka, cheko la mtu asiyejua aiweke wapi mikono yake.

"Mimi nina ndia bora. Kuna mtu wangu Maskati ana maghala, ataka msimamizi. Atakutolea viza, atakutolea kadi ya ukaazi, nawe utamtwaa mkeo kwa jina lako. Ndivyo walivyokwenda wazee wetu."

Huwaida akaiweka sinia kizingitini. "Ami," alisema bila kutokeza, "nikienda kwa jina la Hamid, nitaruhusiwa kufanya kazi?"

"Kazi ya nini? Utakula, utavaa, utakaa ndani kwenye kiyoyozi."

"Na tajiri akimchoka Hamid?"

"Inshallah hatamchoka."

"Akimchoka, Ami."

Mzee akagonga fimbo sakafuni. "Kadi hufutwa, mtu hurudi kwao. Si ndivyo ilivyo nti za watu? Mimi sikurudi?"

"Mimi nataka kibali kisichofutwa kwa sababu mtu mmoja ameamka vibaya. Kule nikifanya kazi miaka inayotakiwa, nikalipa bima, nikaijua lugha yao, naweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kwa jina langu."

"Hamid, mkeo ana ulimi!"

"Ana mkataba, Ami," alijibu Hamid, akamimina kahawa.

Wakaenda Nairobi. Ubalozini kila mmoja aliitwa kwenye dirisha lake. Huwaida aliulizwa juu ya kazi, juu ya mshahara, juu ya chumba watakachopanga. Aliulizwa anaishi wapi, akasema: Langoni, kwenye nyumba niliyopewa na babangu nilipoolewa. Akatoka moyo mweupe.

Walipokuwa wakitafuta chai, Hamid akasimulia yake. "Wameniuliza naishi wapi. Nikawaambia Mkomani, kwa mama."

Huwaida alisimama katikati ya njia, watu wakamkwepa huku na huku.

"Umesemaje?"

"Nimesema kwetu. Kwani mtu akiulizwa husema wapi?"

Wala hakuwa amesema uongo, kwa jinsi ulimi wake ulivyolelewa. Katika nyumba za kale za Lamu, binti akiolewa hupewa nyumba, au orofa ya nyumba, na mume ndiye ahamiaye kwa mkewe. Huja na sanduku lake na msala wake, akakaa, akazeeka humo. Lakini adabu humkataza kusema "kwangu." Miaka saba Hamid alikuwa amelala Langoni, amekula Langoni, amepanda juu ya dari na kuziba palipovuja, lakini akiulizwa kwake, kinywa chake kilikwenda Mkomani chenyewe.

"Wakauliza tuna watoto wangapi," aliendelea, sasa polepole. "Nikasema bado hatujaruzukiwa. Wakauliza picha za harusi."

"Ukawaonyesha?"

"Nimewaonyesha. Mimi na wanaume wenzangu msikitini."

Za Huwaida zilikuwa ndani ya kabati, alikozificha mwenyewe, kwa kuwa harusi ya wanawake si ya kutazamwa na kila mtu. Hakuna picha hata moja iliyowaonyesha pamoja siku ile. Waliketi kwenye chai yao. Hamid akajaribu kucheka, akaona mkewe hacheki, akaacha.

Jibu lilipokuja, viza ya Huwaida ilikuwa imetoka. Ya Hamid ilikuwa imesimamishwa. Ubalozi ulisema kwa lugha ya heshima kwamba maelezo ya wanandoa hayalingani, kwamba kuna shaka kama wanaishi pamoja, na kwamba wanaweza kueleza na kuleta ushahidi. Hospitali ya Ujerumani ilikuwa imekwisha kupanga mwezi wa kuanza kazi, nayo isingengoja mambo ya ndoa ya watu. Ama maelezo yaaminiwe, ama Huwaida aende peke yake, ama aache.

Bwana Abdulwahid alifika kabla chai ya jioni haijachemka.

"Hata Wazungu wameona!" alisema kutoka ngazini, kabla ya kuketi. "Wameona mtu mume hana kwake. Yeo mumenisikia? Basi dawa ni nyepesi. Nendeni kwa wakili, nyumba hii iandikwe jina la Hamid. Mwenye nyumba haulizwi alala wapi. Mukishafika mutarudishiana."

Nyuma ya mlango, Huwaida alingoja mumewe aseme. Hamid alikuna kidevu.

"Huenda ikawa njia fupi," alisema. "Ni karatasi tu, Huwaida."

Neno lile lilimchoma kuliko maneno yote ya mzee. Aliyaona macho ya babake, Kamaludin, siku aliyomkabidhi funguo mbele ya mashahidi, akisema mume ni riziki, huja na huenda, lakini binti yake hatalala kwa hisani ya mtu.

"Siandiki," alisema.

"Sikiliza, mwanangu..." alianza mzee.

"Siandiki, Ami."

"Kwa nyumba tu utamwacha mumeo?"

"Mume simwachi na nyumba siandiki. Babangu hakunipa nyumba nipate mume, nami sitaitoa nipate viza. Wameuliza tunaishije. Tutawaambia tunavyoishi."

"Wazungu watayajua wapi hayo?"

"Watayajua nikiwaeleza."

Usiku ule hakusemezana na Hamid. Asubuhi Hamid alimwekea uji mezani, akasimama mlangoni na patasi mkononi. "Nilikosea jana," alisema. "Na Nairobi pia." Akaenda zake kazini. Huwaida alikunywa uji wote, kisha akaanza kuandika.

Aliandika kwa Kijerumani chake mwenyewe, akiikataa barua ya wakala mmoja aliyetaka kumwandikia kwamba Hamid alichanganyikiwa kwa homa. Hakuwa na homa. Alikuwa na adabu. Aliandika jinsi binti anavyopewa nyumba na jinsi mume anavyohamia. Akafungua kabati, akatafuta picha moja aliyomo ameketi peke yake na maua ya asumini kichwani, akaiambatisha, na chini yake akaeleza kwa nini mume hayumo. Majirani wakatia sahihi. Khatibu aliyewaozesha akatia yake.

Mamake Hamid, Bi Umulkheir, alisikia, akaja kutoka Mkomani na buibui limekaa upande kwa haraka.

"Niandike na mimi," alisema, akijitupa kitini. "Sema: mimi Umulkheir, tangu nimuoze huyu mwanangu sijamfulia hata kanzu moja. Akiya kwangu Ijumaa hubisha hodi, hula, hurudi kwa mkewe. Kitanda chake nalimpa mtu zamani."

"Kitanda tusikitaje, Mama."

"Kitaje! Hicho ndicho watakacho kuyua!" Huwaida akakitaja. "Na huyo Abdulwahid, mtu wa haya nyingi, akwambie nyumba alalayo ni ya nani. Ameingia kwa mkewe, Bi Nur, hana unywele mweupe hata mmoja. Alipotoka Maskati na sanduku lake alishukia wapi, hotelini?"

Huwaida alicheka mpaka kalamu ikamtoka. Lakini habari za Bwana Abdulwahid hakuziandika. Aliona si haki mtu kuingizwa kwenye maelezo ya viza asiyoomba.

Barua ikaenda. Siku zikapita bila neno. Huwaida akaanza kufungasha nguo za mtu mmoja, kisha akazifungua, kisha akazifungasha tena.

Simu ilipigwa alasiri, Hamid akiwa kwenye daka na ami yake, aliyekuja kusema kwamba nafasi ya Maskati haitangoja milele. Simu ya Hamid ilikuwa imeharibika, ikisikika kwa sauti ya juu tu, na mtaa mzima ungeweza kusikia. Aliyepiga alikuwa mwanamke wa ubalozini, mwenye Kiswahili cha Nairobi.

"Bwana Hamid, nina maswali machache tu. Unaishi wapi?"

Huwaida alikuwa nyuma ya mlango. Alijua jibu, lakini halikuwa lake kulitoa. Alimsikia mzee akikohoa, kikohozi cha kumkumbusha mtu ukoo wake. Wapita njia wawili walipunguza mwendo.

"Langoni," alisema Hamid. "Kwenye nyumba ya mke wangu."

"Ni yenu nyote wawili?"

"La. Yake. Mimi ndiye niliyehamia."

"Mbona hapa ulisema unaishi kwa mama?"

"Niliona haya. Kwetu mwanamume anaishi kwa mkewe lakini hasemi." Akaisogeza simu mdomoni. "Mimi nasema. Tangu nioe naishi kwa Huwaida."

"Na huko Ujerumani?"

"Chumba kimepangwa kwa jina lake. Nitahamia pia."

Mwanamke alishukuru, simu ikakatika. Bwana Abdulwahid akasimama.

"Umejivua nguo barabarani, Hamid. Mui mzima umesikia."

Ndipo Huwaida alipofungua mlango wote. Alijitanda vizuri, akatoka mchana kweupe, akaketi kwenye daka kando ya mumewe, mahali ambapo hakuna mwanamke wa nyumba ile aliyewahi kuketi watu wakipita. Mmoja wa wale wapita njia akajifanya anafunga kamba ya kiatu, naye alikuwa amevaa ndara.

"Kama ni aibu, Ami," alisema, "ni ya mji mzima, basi tugawane. Kahawa ingalipo."

Mzee hakunywa. Aliondoka kwa kichochoro cha nyuma.

Viza ya Hamid ilitoka kabla mwezi ule wa kazi haujaingia. Pasipoti ilikuja kwa basi mpaka Mokowe, gatini upande wa bara, naye akavuka kwenda kuichukua, akarudi ameishika kwa mikono miwili. Nyumba ilifungwa, na funguo Huwaida akaenda nazo.

Bwana Abdulwahid hakuja kuaga. Lakini siku ya safari alituma bakuli la halwa na salamu: kwa kuwa macho yake yanamsumbua, na kule wana mabingwa, huenda siku moja akaja kuwatazama. Huwaida aliila halwa, akarudisha bakuli na salamu zake. Karibu sana, alisema. Ila wageni wa huko huhitaji barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji, na barua hiyo ataiandika yeye, kwa jina lake.