Gambuti la Kushoto

Harufu ya magambuti ya baba ilimtangulia mlangoni. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha ngozi huko Thika, nasi tuliishi Ruiru, chumba kimoja chenye pazia katikati. Kila jioni mchanganyiko ule wa mpira, chumvi na ngozi mbichi ulifika kwanza, kisha yeye, kisha sauti yake: "Maitu, niletee maji." Maitu kwa Kikuyu ni "mama yangu"; baba aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na kwa heshima hiyo hakuwahi kunipiga hata siku moja. Maji yale alinawia miguu nyuma ya pazia, peke yake, nasi hatukujiuliza kwa nini.

Nilikuwa darasa la sita tulipoletewa mwalimu wa sanaa, Mwalimu Wafula, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alitufundisha kuchora kitu kwa mstari mmoja tu wa ukingo wake. Macho yatambae taratibu kwenye ukingo, penseli ifuate bila kuinuliwa, na vifutio vyetu akavikusanya vyote akavitia mfukoni. "Usichore unachokijua," alisema. "Chora unachokiona." Tulianza na kikombe, kitana, kijiko, vyangu vilitoka vimepinda, darasa likacheka hadi basi. Kisha akatuagiza tuchore viatu vya mtu wa nyumbani. Michoro ingebandikwa ukutani siku ya wazazi.

Jumapili, baba akiwa amelala, niliyaweka magambuti yake uani nikakaa mbele yake. La kulia lilikuwa gambuti tu. La kushoto nililifuata kutoka juu, polepole, nikafika kisiginoni, na mstari ukakataa kushuka wima. Soli ilikuwa imelika upande mmoja, shingo imelala nje. Nikaingiza mkono. Ndani kulikuwa na kitambaa kilichokauka kikawa kigumu, na harufu yake haikuwa ya ngozi. Haiya! Baba alikuwa anakanyagia ukingo wa mguu, tena alikuwa akituficha kidonda. Sababu niliijua: kibarua akionekana mgonjwa huambiwa akapumzike, na mapumziko hayo hayana mwisho. Wazazi wa nusu ya darasa letu walifanya kazi kule kule. Mchoro ule ukibandikwa ukutani, nitakuwa nimemchongea baba kwa mkono wangu mwenyewe.

Basi nikadanganya. Nililichora gambuti la kulia mara mbili. Mwalimu aliutazama mchoro, akaweka kidole juu ya la kushoto. "Hapa hukutazama," akasema bila ukali. "Rudia." Nilirudia nyumbani, machozi yakidondoka karatasini, kila mpindo mahali pake, na sikusikia baba akija nyuma yangu.

Nilingoja kofi langu la kwanza. "Maitu," akasema polepole, "kumbe inaonekana hivi?" Mama aliingia na ndoo, akaangalia karatasi, akamwangalia yeye. "Vua soksi," akamwambia. Wee! Kidonda kilikuwa wayoni, chini ya vidole, na baba alikuwa hayasikii tena maumivu, ugonjwa wa sukari ulikuwa umeutia mguu ganzi. "Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alisema, na kesho yake asubuhi wakaenda hospitali. Vidole viwili vilikatwa, mguu ukabaki. Kazi ilikwenda, kama nilivyoogopa, na kwa miezi mingi nilijilaumu kila sahani ilipowekwa mezani ikiwa nusu.

Siku hizi watoto hupiga picha kwa simu, mara moja, wakasonga mbele bila kuona kitu. Mimi hufundisha mstari ule ule hapa Juja, na wazazi husema nina subira. Binti yangu wa miaka tisa ameushika vizuri kuliko wote. Wiki iliyopita alivuta kiti mbele yangu, akachonga penseli. "Mami, usisonge. Toa hiyo skafu, nataka kuchora shingo yako." Nina uvimbe hapo, mdogo, nimeufunika tangu Krismasi, na sijamwambia mtu yeyote. Nilimwambia achore sufuria.